Mgeni Asiyekula Nyama Akifika Kasulu

Watu wasiokula nyama wanaposafiri huwa na swali moja kabla ya kufunga mizigo: huko tuendako tutakula nini? Kwa ajili yao vimeandikwa vitabu vya watalii na orodha nyingi katika intaneti zinazotaja nchi na miji inayowafaa. Aghalabu India hutajwa mwanzo. Hufuata Ethiopia, Taiwan na Israeli, kisha miji ya Ulaya kama Berlin na London. Kasulu na Kibondo hazimo. Tunathubutu kusema kwamba zingestahili kuwamo, ila kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Chakula kisicho na nyama tunacho, tena kingi. Tunachokosa ni kukiheshimu. Katika nyanda zetu hizi, sahani isiyo na nyama bado inaonekana kuwa sahani ya aibu, na aibu hiyo humsumbua mgeni siku moja tu, lakini maskini wa jumuiya zetu inawaumiza mwaka mzima. Tukiishinda aibu hiyo tutakuwa tumemkarimu mgeni, na zaidi tutakuwa tumeondoa mzigo mabegani mwa ndugu zetu.

Tutazame kwanza miji inayosifiwa ina nini. Nchini India, utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa watu wazima 39 katika kila 100 hujitambulisha kuwa hawali nyama. Sheria ya huko inataka kila chakula kilichofungwa kiwandani kiwe na alama: doa la kijani kwa kisicho na nyama. Hata asiyejua kusoma anaelewa anachonunua. Katika jimbo la Gujarati upo mji wa Palitana, mahali pa hija pa Wajaini, ambako mwaka 2014 uchinjaji ulipigwa marufuku baada ya watawa wao kugoma kula wakidai hivyo. Si wakazi wote waliofurahi, maana wapo wa dini nyingine waliokuwa wakipata riziki kwa kuuza nyama na samaki.

Mji wa Ghent nchini Ubelgiji ulifuata njia nyingine. Mwaka 2009 halmashauri yake ilianza kuhimiza Alhamisi iwe siku ya kula bila nyama, na shule za mji zikapika hivyo siku hiyo, lakini mzazi aliyetaka mtoto wake apewe nyama aliruhusiwa kuomba. Hakuna aliyelazimishwa.

Karibu nasi zaidi iko Addis Ababa. Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, na ukijumlisha mifungo yote ya mwaka inazidi siku 180. Katika siku hizo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Ndiyo maana hoteli ya kifahari na kibanda cha kando ya barabara vyote vinajua kupika chakula cha mfungo: injera yenye dengu, shiro ya unga wa mbegu za jamii ya kunde, kabichi, viazi na mboga za majani, vyote katika sinia moja. Mgeni asiyekula nyama hahitaji kujieleza. Akisema anataka chakula cha mfungo, mwenyeji anaelewa, tena anamwona kuwa mtu wa heshima.

Hapo kuna somo kwetu Wakatoliki. Mji huo haukujengwa kwa ajili ya watalii. Ulijengwa na sala. Watu walifunga kwa ajili ya Mungu kwa karne nyingi, na mgeni akanufaika.

Sasa turudi nyumbani. Yeyote aliyepita sokoni Kasulu au Kibondo anajua kilichopo. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa inayolima maharage kwa wingi nchini, na malori hupakia magunia kutoka vijiji vyetu kwenda miji mingine. Tuna mahindi, muhogo, ndizi za kupika, viazi vitamu na magimbi. Tuna sombe, ambayo kwingine huitwa kisamvu, majani ya maboga, mchicha na karanga. Mvua zikianza, misitu ya miombo hutoa uyoga, na Kibondo ina asali inayojulikana hata nje ya mkoa. Juu ya yote tuna mawese, mafuta yetu mekundu yanayotokana na michikichi, ambayo yasipochujwa rangi yake yana viini vinavyoupatia mwili vitamini A. Ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese na sombe ya karanga: hicho ni chakula ambacho mgeni wa mbali angekilipia fedha nyingi huko kwao.

Hata hivyo, mgeni huyo akifika kwetu atapata shida, na shida itaanzia kwenye lugha. Kwa Kiswahili tunachosema kila siku, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali. Mtoto akiuliza, "Leo mboga nini?" anaweza kujibiwa, "Nyama." Kwa hiyo mgeni akisema, "Mimi nakula mboga tu," mwenyeji anatikisa kichwa kwa furaha na kwenda kukamata kuku. Afadhali aseme wazi kwamba hali nyama, kuku, samaki wala dagaa, na ataje kila kimoja. Tena aulize kuhusu mchuzi. Mama lishe wengi huungia maharage supu ya nyama ili yawe matamu, na wapo wanaotia unga wa dagaa ndani ya mboga za majani. Hawafanyi hivyo kwa hila. Kwao nyama ni mnofu, na supu ni kiungo tu.

Shida ya pili ni kubwa kuliko lugha. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika nyumba nyingi methali hii ina maana iliyo wazi kabisa: kuku aliyekuwa akitaga anachinjwa kwa sababu mgeni amekuja, na watoto nao wanaonja nyama siku hiyo. Mgeni akikataa kuku, mwenyeji anajiuliza kama amedharauliwa, na watoto wanajiuliza kama kuku atarudishwa bandani. Tusiwacheke. Buha ni nchi ya wafugaji na wakulima. Tangu zamani za watawala wa Heru na Muhambwe, ng'ombe alikuwa mali na alikuwa kiungo kati ya mtu na mtu. Aliyepewa ng'ombe alikuwa amepewa undugu na wajibu. Nyama haikuwa chakula cha kila siku. Ilikuwa alama kwamba leo kuna jambo kubwa. Basi asiyekula nyama anaonekana kama mtu anayekataa jambo lenyewe.

Lakini alama hii imeanza kututawala. Mapadre na makatekista wa parokia nyingi wanajua ndoa ambazo hazijafungwa kanisani. Wawili wameishi pamoja miaka mingi, wana watoto, hawana kizuizi chochote cha sheria ya Kanisa, na bado hawajafika altareni. Ukiwauliza sababu, wanasema hawajajipanga. Kujipanga maana yake ni ng'ombe, au walau mbuzi wawili, mchele na soda. Wapo wazazi wanaochelewesha ubatizo wa mtoto kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanajumuiya wanaotafuta udhuru zamu yao ya kupokea sala nyumbani inapokaribia, kwa sababu jirani wa wiki iliyopita alipika pilau ya nyama. Sakramenti ni bure, lakini sisi wenyewe tumeweka nyama mlangoni kama kiingilio.

Ndiyo maana tunasema mgeni asiyekula nyama anatufaa kuliko anavyodhani. Anapoketi mezani petu akafurahia maharage, anatuambia kwamba chakula tulichokuwa tukikionea haya ni chakula cha kumpa mtu mwenye heshima. Tena hatuhitaji kumtafuta mbali. Kigoma tuna majirani Waadventista Wasabato, ambao Kanisa lao hukataza nyama zinazotajwa kuwa najisi katika Kitabu cha Mambo ya Walawi na huwahimiza waumini kula vyakula vya mimea. Tuna majirani Waislamu, ambao hawawezi kula nyama bila kujua nani amechinja. Katika miji yetu hupita wafanyakazi wa mashirika kutoka India na Ulaya. Wakati wa Kwaresima sisi wenyewe tuna Ijumaa zetu. Fikiria msiba au harusi inayowakutanisha hao wote. Sufuria moja tu inaweza kuwalisha bila swali wala manung'uniko: sufuria ya maharage yaliyoungwa kwa mawese bila supu ya nyama. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi katika sura ya 14, aliwaonya wanaokula kila kitu wasimdharau anayekula mboga za majani, naye anayekula mboga asimhukumu anayekula kila kitu. Onyo hilo lina pande mbili, na meza yetu inahitaji zote mbili.

Kuna watakaosema kwamba tunaingiza mafundisho mageni. La hasha. Mama Kanisa hafundishi kwamba nyama ni mbaya. Mungu aliyewapa wanadamu mimea na matunda katika sura ya kwanza ya Mwanzo, ndiye aliyewaruhusu wanyama baada ya gharika. Bwana wetu alikula Pasaka na wanafunzi wake, na baada ya kufufuka alikula samaki. Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu wanaokataza vyakula alivyoviumba Mungu. Lakini Kanisa hilo hilo limewaheshimu siku zote wanaoiacha nyama kwa hiari. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 39 ya Kanuni yake, aliwaagiza watawa wasile nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa wagonjwa waliodhoofika sana. Wakartusi hawali nyama kabisa hadi leo. Danieli na wenzake waliomba wapewe mboga na maji kwa siku kumi katika jumba la mfalme, na nyuso zao zikanawiri. Waseminari wanaolalamikia maharage ya bwaloni wamkumbuke Danieli, ingawa tunakiri kwamba Maandiko hayasemi lolote kuhusu maharage yenye wadudu.

Hata hivyo tuwe waangalifu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kutokula nyama kwa kuchagua na kutokula nyama kwa kukosa ni mambo mawili tofauti. Katika wilaya ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita nchini Kongo. Katika wilaya ya Kibondo iko Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya mwaka ule. Chakula cha mgao katika kambi hizo ni unga wa mahindi, kunde au maharage, mafuta, chumvi, na uji wenye lishe kwa watoto na wajawazito. Hakina nyama, na hakuna aliyeulizwa kama anapenda iwe hivyo. Mwaka 2023, kwa uhaba wa fedha, mgao ulipunguzwa hadi nusu ya kiasi kinachohitajika. Mtu akizisifu kambi hizo kuwa mahali panapowafaa wasiokula nyama, tutamwona amepungukiwa akili. Basi na sisi tusisifu umaskini wa vijiji vyetu kwa jina la mfungo.

Papa Paulo VI aliliona jambo hili. Katika hati yake Paenitemini ya Februari 17, 1966, iliyopanga upya sheria ya kufunga, alitofautisha nchi zenye neema na nchi maskini. Kwa wenye neema alisisitiza ushuhuda wa kujinyima na upendo kwa wahitaji. Kwa walio katika hali duni alisema kinachofaa zaidi ni kumtolea Mungu mateso yao wakiungana na msalaba wa Kristo, huku wakitafuta kwa kila njia haki katika jamii. Hakuwaambia wafurahie kukosa. Aliwaambia wasali na wadai haki.

Sheria ya Kanisa tunaijua. Kanuni ya 1251 inataka tuache nyama siku za Ijumaa, au chakula kingine kama Baraza la Maaskofu litakavyopanga, na tufunge pia Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kanuni ya 1252 inamhusisha kila aliyetimiza miaka 14 katika kuacha nyama. Samaki wanaruhusiwa. Basi Ijumaa ya Kwaresima ikifika, mwenye uwezo huacha nyama ya ng'ombe akanunua mgebuka mnono kutoka Ziwa Tanganyika, akala akashiba kuliko Alhamisi. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, kila mtu aliona jinsi samaki walivyo chakula cha kutamaniwa. Hatusemi anayekula mgebuka Ijumaa amevunja sheria. Hajaivunja. Tunauliza tu kama amejinyima. Na jirani yake, ambaye mara ya mwisho alionja nyama Krismasi, anaacha nini siku hiyo?

Tena tusiwape wazazi ushauri wa hatari. Mtoto mdogo anahitaji zaidi ya ugali na maharage. Vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika mimea. Mtoto wa kijijini anayeweza kupata yai, maziwa au dagaa, apewe, na asinyimwe kwa sababu baba amesoma makala yetu. Mtu mzima anayechagua kuacha nyama anaweza kuishi vizuri kwa mayai na maziwa, na anayeacha hata hivyo anahitaji vidonge vya vitamini hiyo au chakula kilichoongezewa. Anayelazimika kuziacha kwa kukosa, hahitaji pongezi. Anahitaji kuku wawili wa kuanzia ufugaji.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wa jumuiya ndogo ndogo.

La kwanza, katika sherehe za sakramenti, maharage na mboga za majani viwe chakula rasmi, vipikwe vizuri, viwekwe mwanzo wa meza, katika sufuria yake isiyotiwa supu ya nyama. Mwenye uwezo wa kuongeza nyama aongeze. Asiye na uwezo asitazamwe vibaya, na paroko atangaze hivyo kwa kinywa chake. Ikiwezekana paroko mwenyewe, akialikwa, aanze kupakua maharage. Waamini hutazama sana sahani ya padre.

La pili, wanandoa ambao kizuizi chao ni karamu tu, jumuiya iwaite na kuwaambia: njooni mfunge ndoa, chakula kitatoka mashambani mwetu. Debe la maharage kutoka kila nyumba tano au sita, mikungu ya ndizi, lita chache za mawese, na kazi imekwisha. Maandalizi hayo hayahitaji kamati ya miezi sita wala kadi za mchango.

La tatu, Ijumaa za Kwaresima, anayekula nyama mara kwa mara aiache kweli, asiitafutie mbadala wenye gharama ile ile, na fedha aliyookoa iende kwa asiyekuwa na cha kuacha. Nabii Isaya, sura ya 58, anaeleza kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Nyarugusu na Nduta ziko ndani ya wilaya zetu. Wajane na wazee wako ndani ya jumuiya zetu. Hatuna sababu ya kutafuta mbali.

Tukifanya hivyo, yule mgeni asiyekula nyama atakapofika Kasulu akitokea Kigoma mjini, au Kibondo akitokea Kakonko, hatahitaji orodha ya miji. Atakuta watu waliokwisha kuzoea kuiheshimu sahani ya maharage kwa sababu zao wenyewe: kwa ajili ya Ijumaa yao, majirani zao na maskini wao. Atakaribishwa kama anavyokaribishwa Addis Ababa, bila kujieleza na bila kuonewa huruma. Na kuku atabaki bandani akitaga mayai ya watoto.